Albamu ya Banda la Mawese

Albamu yetu ya kwanza, ambayo pia ndiyo ya mwisho, haina wimbo hata mmoja mzuri. Nasema hivyo mimi niliyepiga ngoma ndani yake, kwa hiyo mtu asinitetee. Gitaa linakwaruza, sauti ya mwimbaji imepasuka kuanzia wimbo wa pili, na mimi nakimbia mbele ya wenzangu kama ng'ombe aliyenusa maji. Hata hivyo wapo vijana huku ufukweni, kuanzia Rumonge hadi Muhuta na Kabezi, ambao bado wanazo nyimbo zile kwenye simu zao. Wakinikuta sokoni wanajipiga mapaja kwa viganja kuniigiza. Nawaitikia kwa kichwa tu, nachagua nyanya zangu, naenda zangu. Hawajui kwamba mle ndani umo wimbo mmoja ambao mimi siusikilizi mpaka mwisho.

Muziki wenyewe ulitujia ndani ya flashi. Mpiga gitaa wetu ni fundi wa moteri za mitumbwi, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili karibu na bandari, na binamu yake wa Uvira ndiye aliyemletea. Vijana wa Kizungu walikuwa wanapiga kelele kama waliokalia siafu. Nyimbo fupi, mbio tupu, hasira tupu. Panki, fundi akatuambia, maana yake ni kwamba kama hujui kupiga, piga kwa nguvu. Tulicheka sana siku ile. Kisha tukasikiliza tena, na safari hii hakucheka mtu. Maneno hatukuelewa hata moja, lakini tulielewa kwamba watu hawa wamechoshwa na mtu fulani, na sisi nasi hatukuwa na uhaba wa watu waliotuchosha.

Inabidi nieleze habari ya ua wa shambani kwetu, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Mimi nilizaliwa kambini ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya Rumonge wakiwa bado vijana. Baba alizikwa kule. Mama alirudi nami nikiwa msichana wa shule, akaenda moja kwa moja hadi kwenye shamba la michikichi la baba mkwe wake, akakuta mtu mwingine anaishi humo. Alikuwa mgane mwenye nyumba, watoto na banda la kukamulia mawese. Mtu yule hakuwa mwizi. Aliletwa pale na serikali ya wakati ule, kijana asiye mbele wala nyuma, akaambiwa lima. Akalima. Sisi nasi hatukuwa wezi. Hilo ndilo balaa la huku kwetu: watu wawili, wote wana haki, na shamba ni moja. Wazee wakakaa, tume ya ardhi ikaja ikaondoka, na mwishowe shamba likakatwa katikati, ukapandwa ua wa minyaa, kule wao na huku sisi. Minyaa ni mti mbaya kuufanya mpaka. Ukivunja tawi unatoka utomvu mweupe, na utomvu huo ukikuingia jichoni utalia kutwa nzima.

Mwimbaji wetu alikuwa mwana wa kwanza wa yule mgane. Mazungumzo yetu ya mwanzo yote yalipita juu ya minyaa, kila mmoja akiwa amekinga macho kwa mkono. Aliniuliza maswali ya ajabu. Kambini watu walikuwa wanaota nini? Babu yako alikuwa na meno yote? Alitaka kujua kila kitu kuhusu watu ambao baba yake analala mahali pao, na alipojua alikuwa hapati usingizi. Nilimpenda. Sina haja ya kulizungusha jambo hilo. Mama yangu alilijua kabla yangu, akawa anapika huku akigonga sufuria kuliko ilivyohitajika.

Baba yake nilikuwa namwamkia shikamoo, kama tulivyofundishwa kambini, na yeye alikuwa anashikilia mbavu kwa kicheko. Hapa watu wanasema amahoro. Lakini baada ya muda akawa ndiye anayeningojea asubuhi karibu na ua, koti begani, ili nimwamkie, na akiitikia marahaba alikuwa anaivuta ile silabi ya mwisho hadi mbwa wanamtazama. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nilijitahidi kumchukia kwa heshima ya babu yangu, na sikufika mbali.

Ngoma zangu zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyofunikwa ngozi na mipira ya magurudumu, pamoja na sahani moja ya shaba iliyotupwa na kwaya ya kanisa. Hapa kwetu mwanamke hapigi ngoma. Anacheza, anaimba, anabeba maji ya wapigaji, lakini vijiti havishiki. Mama alinikumbusha hilo kila siku, na majirani wakamsaidia. Mtu mzima pekee aliyewahi kunisifu alikuwa yule mgane. Siku moja alisimama upande wake wa ua, akasikiliza mpaka nikachoka.

"Weye mutoto, unapiga kama mvua ya mabati," akasema. "Haina kitu, si neno, endelea. Miye sisikii vizuri sikio moja."

Tulipotaka kurekodi hatukuwa na mahali. Kompyuta tuliiazima kwenye duka la kutilia watu nyimbo kwenye simu, na kipaza sauti tukakipata kwa mtu wa kupiga muziki harusini, lakini kila chumba tulichojaribu kilikuwa na mtoto analia au jirani anatwanga. Ndipo mwimbaji akamwomba baba yake lile banda la mawese. Ulikuwa msimu. Chikichi zilikuwa zimerundikwa hadi mlangoni, nyekundu, na kila mkulima wa huku anajua kwamba chikichi zilizoiva hazingoji. Ukichelewa kuzikamua, mafuta yanakuwa machungu na wanunuzi wa Bujumbura wanakunja pua. Mzee alikuna kidevu. Kisha akaenda akaizima mashini kwa mkono wake mwenyewe.

"Mufanye vyenu," akasema. "Leo mashini iko konji, inapumzika."

Tulitundika magodoro ukutani, tukapiga kutwa nzima. Mawese yalikuwa yameingia hata kwenye mbao za nguzo, na jasho letu lilinuka mawese. Tuliimba wimbo wa barabara inayozinduliwa kila karibu na uchaguzi na ambayo hakuna aliyewahi kupita juu yake. Tuliimba wimbo wa esansi, yaani petroli, wa watu wanaolala na madumu yao kwenye foleni mpaka madumu yanajulikana kwa sura. Tuliimba wa ziwa, kwa sababu ziwa lilikuwa limeanza kupanda, na wakubwa walikuwa wanakuja na mabuti mapya kupigwa picha ndani ya maji. Nyimbo hizo zote zilikuwa za kutukana walio mbali, na kumtukana aliye mbali ni rahisi.

Wa mwisho ulikuwa wimbo wa michikichi. Mwimbaji alikuwa hajatuonyesha maneno yake. Alisema tu tupige haraka kuliko zote, akafumba macho:

Nani alipanda? Babu wa jirani.
Nani anavuna? Baba yangu mimi.
Papa, toka! Papa, toka!
Michikichi inatuona.

Fundi aliacha kupiga, akaweka kiganja juu ya nyuzi. Yeye ni mtoto wa chuo cha Kurani, radhi ya mzazi kwake si mchezo. Akamwambia, "Ndugu yangu, huyu ni mzazi wako. Iko pale inje."

"Kama tunaimba wakubwa tu, tuko waoga," mwimbaji akajibu. "Wakubwa hawatusikii. Tuanzie mu nyumba zetu."

"Mwambie kwanza."

"Atasikia pamoja na watu wote."

Wengine wangetaka nitubu mahali hapa. Sitatubu. Wimbo ule ulisema jambo ambalo mama yangu alikuwa amelisema mbele ya tume mpaka sauti ikamkauka, na sasa lilikuwa linasemwa na mwana wa nyumba ile ile. Nilipiga yale mapipa kwa furaha. Tulirudia mara kadhaa, na katika ile mara iliyotoka vizuri, nilipogonga sahani ya mwisho, mlango ukafunguka kidogo, mzee akaingiza kichwa. Kwa sikio lake lile na magodoro yale, alikuwa amesikia kishindo tu. Sauti yake imo kwenye albamu, wazi kabisa:

"Mumemaliza? Niwashe mashini?"

Halafu tunasikika tukicheka, na wimbo unakatika. Fundi alitaka tuifute. Mwimbaji akakataa, akasema hiyo ndiyo panki yenyewe.

Tuliizindua albamu kwenye kabare moja, baa yenye uwanja karibu na bandari, Jumapili baada ya misa. Mzee alikuja na koti lake la sikukuu. Aliagiza chungu cha impeke, pombe ya mtama tunayoinywa kwa mirija mirefu, watu wote kutoka chungu kimoja. Mgeni anaweza kuona ni mabua tu yaliyosimama ndani ya povu. Lakini huku kwetu kila mrija una mwenyewe, na mtu akikuwekea mrija kando ya wake amekwambia kwamba wewe ni wake, hatahofia kilicho ndani ya chungu hicho na wewe usihofie. Mzee alikuwa amekwisha kuuweka wa mwanawe. Ulikuwa umesimama pale pembeni ya wake, unamngojea amalize kuimba. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba leo amekuwa baba wa nyota.

Safari hii hapakuwa na magodoro, na spika zilimtazama yeye. Tulipofika kwenye wimbo wa michikichi aliendelea kutabasamu kidogo, jinsi mtu anavyotabasamu akiwa hajaamini. Baada ya "Papa, toka" ya pili watu wakaanza kumtazama. Aliinuka. Akauchomoa mrija wa mwanawe kutoka kwenye chungu, akauvunja, akavunja tena vile vipande, akaviweka chini kando ya chungu taratibu, kama anayelaza mtoto. Kisha akavaa kofia akaondoka. Mwimbaji aliona yote. Aliimba mpaka neno la mwisho, na mimi nikampigia mpaka neno la mwisho, maana sikujua kitu kingine cha kufanya.

Hakuna mtu wa Rumonge anayehitaji kuelezwa maana ya hilo. Mrija uliovunjwa mbele ya watu hauungwi kwa maneno wala kwa mjumbe. Aliyeuvunja ndiye anayeweka mwingine, kwa mkono wake, kwenye chungu, mbele ya wale wale walioona. Mpaka siku hiyo, mwana hali mezani kwa baba, haitwi kwenye harusi, na baba akifa hasimami penye kaburi na ndugu zake.

Ofisini kwa watu wa usalama tuliitwa baada ya nyimbo kusambaa kwenye simu na kwenye mabasi madogo ya Bujumbura. Waliuliza juu ya barabara, wakauliza juu ya esansi. Juu ya michikichi hakuuliza mtu. Fundi na mimi tuliambiwa tutafute kazi za maana. Mwimbaji akadokezwa na mtu mwema kwamba akiitwa tena wiki ijayo hatarudi nyumbani, akapanda mtumbwi wa wachuuzi wa ndagala, dagaa wa huku kwetu, akavuka. Mungu ana mizaha yake. Walimpeleka kambini, kule kule nilikozaliwa mimi, na ujumbe wake wa kwanza wa sauti ulikuwa hivi: "Niko kwenu. Kwenu kuko vumbi sana."

Miaka ikaenda. Ziwa nalo halikusoma uamuzi wa tume. Lilipanda likameza bandari ya zamani, likameza nyumba za wavuvi, likaingia shambani kwa chini na kuanza kuua michikichi, ya kwetu na ya kwao bila upendeleo. Mchikichi uliosimama ndani ya maji haufi haraka. Majani yanashuka moja moja, mpaka unabaki mti mtupu, na samaki wadogo wanapita kwenye mizizi. Ua wa minyaa ulioza sehemu ya chini, ukalala. Haki yote ile ambayo mama yangu aliililia, nusu yake sasa ilihitaji mtumbwi. Mama alikaa barazani akiitazama, na nilimsikia akicheka peke yake kicheko ambacho sikukipenda.

Mzee akavimba miguu. Hospitali wakasema figo, wakamrudisha. Siku moja mchana akaniita, nikapita pale ua ulipolala. Alikuwa kwenye kitanda cha kamba kando ya banda, miguu juu ya gunia. Mashini ilikuwa imeshika kutu. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, fupi.

"Leta ile kelele yenu," akasema. "Ile ya michikichi. Siku ile sikuisikia hadi mwisho."

Nilimwambia kwamba si lazima. Akaninyooshea kidole, na kwa kuwa nililelewa, nikatii. Nikaiweka simu karibu na lile sikio zima. Alisikiliza akiwa amekaza macho kwenye maji. Penye "Papa, toka" alitikisa kichwa kidogo, akifuata ngoma. Nikataka kuizima kabla haijafika mwisho, lakini nilichelewa. *Mumemaliza? Niwashe mashini?*

"Iyo ni miye?" akauliza.

"Ndiyo, papa."

Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Alipozungumza hakunitazama.

"Amesema ukweli. Miye sikukasirika juu ya ukweli. Unadhani sikujua michikichi ni ya nani? Nilijua kabla yenu wote. Nilikasirika juu hakuja kuniambia. Nilikuwa pale inje siku yote. Nilizima mashini."

Kisha akanionyesha juu, kwenye boriti za banda. Palikuwa na mrija, mrefu, mnyoofu, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Alikuwa ameukata zamani, wala hakuniambia lini.

"Mwambie aje anywe," akasema.

Nilituma ujumbe siku hiyo hiyo. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilinipandisha hasira mpaka masikio yakawaka. Mwimbaji wetu alitaka baba yake aseme mwenyewe kwenye simu. Nikampelekea mzee simu. Mzee akaisukuma.

"Mrija hautumwi ku telefone. Nilivunja mbele ya watu, nitaweka mbele ya watu. Aje."

Wote wawili walikuwa vichwa vigumu vya aina moja, na nilikuwa nimesimama katikati yao nikiwa ua mwingine wa minyaa. Nikamtumia mwimbaji ujumbe wa mwisho wa sauti, nikamwambia kwamba baba yake hatavuka mwezi, na kwamba kama anataka kuniimbia tena habari ya ukweli aje aniambie usoni. Nililia ndani ya ujumbe huo, sikuufuta. Jioni akajibu neno moja: "Nitakuja."

Mzee akaagiza mtama uloweshwe. Impeke inataka siku zake, na ikiiva hainyweki zaidi ya siku mbili, inachacha. Akachagua Jumapili, akaita wote waliokuwa kwenye kabare siku ile ambao bado walikuwa hai. Mwimbaji hakuwa na karatasi za kupandia boti ya abiria. Fundi ndiye aliyepaswa kumfuata kwa mtumbwi wake. Moteri alikuwa ameifungua na kuifunga mpaka inang'aa. Kilichokosekana ni esansi. Nchi nzima haikuwa nayo wiki ile, na ile ya magendo inayovuka kutoka Kigoma ilikuwa imekamatwa. Fundi alipanga foleni na madumu, akaenda mpaka Bugarama kwa mtu aliyesemekana kuwa nayo, akarudi na harufu tu. Jumamosi alinijia akiwa na macho mekundu, akasema, "Tuliiimba, dada. Tuliimba iyi kitu." Nikamwambia aniondolee nyimbo zake.

Jumapili mzee alibebwa akakalishwa mbele ya chungu. Watu walikuja wote, wakakaa kimya kuliko nilivyowahi kuona watu wakikaa penye pombe. Kila mtumbwi uliopita tuligeuza shingo. Impeke ilipoanza kupoteza povu, mmoja wa wazee akasema kwa upole kwamba labda wiki ijayo. Mzee akasema wiki ijayo iko ya wengine. Akaomba ule mrija, akausimamisha ndani ya chungu kando ya wake. Ilibidi aushike kwa mikono miwili.

"Mumeona," akasema.

"Tumeona," wakajibu.

Akanywa kidogo. Mrija wa pili ulikaa pale bila mdomo mpaka watu wakatawanyika. Alitaka urudishwe juu kwenye boriti, nikaupanguza na kuurudisha mimi mwenyewe. Alizikwa kabla ya mwisho wa mwezi, nyuma ya banda, sehemu ya juu ambako maji yalikuwa hayajafika. Mama yangu alipika kwa ajili ya waombolezaji, na safari hii hakugonga sufuria.

Huku kwetu msiba haumaliziki kaburini. Unakaa nao, bila sherehe na bila ngoma, mpaka siku ya kuganduka, karibu mwaka baadaye, ambapo ukoo unakusanyika na kuukata kwa pombe. Wana wa marehemu ndio wanaokunywa kwanza. Asiyekunywa anabaki na msiba wake peke yake.

Mwimbaji alikuja kwa ajili ya siku hiyo. Esansi ilikuwa imepatikana, kama inavyopatikana baada ya kila kitu. Alikuwa amekonda, na nywele zimeanza kurudi nyuma. Alikuwa amejiandaa kukamatwa bandarini, lakini wakubwa wa wakati ule walikuwa wamehamishwa, na aliyeangalia mifuko yake hakuwahi hata kumsikia. Nadhani hilo lilimuuma kuliko pingu. Tulisalimiana kwa mikono miwili kama wakwe.

Wazee walikaa kuzunguka chungu. Mmoja akauliza kama mrija wa huyu ulirudishwa. Waliokuwapo wakasema, tuliona. Basi nikaagizwa kuuleta. Niliifungua ile kamba ya mgomba, nikampa. Aliusimamisha ndani ya impeke, akapiga magoti, akavuta.

Nilikuwa karibu, na mtu wa ngoma husikia vitu vidogo. Nilisikia hewa. Mwaka mzima juu ya boriti, jua likipiga bati, mrija ulikuwa umekauka na kupata ufa mwembamba ambao mimi niliyeushika sikuuona. Alivuta tena, mashavu yakaingia ndani. Hewa. Alielewa, maana alinitupia jicho mara moja tu. Kando yake palikuwa na mirija mingi mizima, mtu angeweza kumpa wowote. Hakuna aliyempa, naye hakuomba, kwa sababu wowote mwingine haungekuwa umewekwa na baba yake. Akainua kichwa, akapanguza mdomo mkavu kwa mgongo wa mkono.

"Amekunywa," mzee mmoja akasema.

Watu wakapiga makofi. Ndugu zake wakafuata mmoja mmoja na mirija yao mipya, na msiba ukawa umekatwa. Watu wakaanza kuongea kwa sauti, mtu akaniambia sasa naweza hata kupiga yale mapipa yangu.

Baadaye nilimkuta bandani. Maji yalikuwa yamefika kizingitini, na alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mashini, mkono juu ya gurudumu lenye kutu. Aliniomba simu.

"Ule wa michikichi," akasema. "Mwisho wake tu."

Nilimtafutia mahali. Sahani ikalia, mlango ukafunguka, na baba yake akaingiza kichwa akatuuliza: *Mumemaliza? Niwashe mashini?* Kikaja kicheko chetu, cha vijana wasiojua kitu, kisha wimbo ukakatika.

"Bado, papa," akasema. "Ngoja kidogo."